Msiingie na nondo tupu: niliyowaambia form four kuhusu pepa ya fasihi

Wengi mmeniomba niiweke kwa maandishi ile hotuba ya siku ya taaluma, maana spika zilikuwa zinakoroma na waliokaa nyuma walikuwa wanaona mdomo tu unatembea. Nimeiacha kama nilivyoiongea, nimekata tu zile sehemu nilizokuwa nabwabwaja.

Mwalimu mkuu na walimu wangu wote, shikamooni. Wazazi mliofika, shikamooni. Kaka mkuu, dada mkuu, na nyie wadogo zangu wa form four ambao ndiyo hasa nimeitwa kwa ajili yenu, mambo vipi? Naona wengine mmekaa kama mnasubiri matokeo, tulieni, bado Novemba ya mtihani wa taifa haijafika.

Mimi nimesoma hapahapa, nimekaa kwenye madawati hayahaya, alafu nikaenda kusoma HKL, yaani History, Kiswahili na Kiingereza, na sasa nipo nyumbani nasubiri chuo. Kwahiyo sijaja kama mwalimu, walimu mnao na wanajua kuliko mimi, nimekuja kama mtu aliyekaa na hivi vitabu vya fasihi muda mrefu mpaka ndugu zake wakaanza kumwita Mitomingi, jina la mzee wa kwenye tamthilia ya Ngoswe. Nimeambiwa niongelee kujiandaa na Kiswahili upande wa fasihi, nikaambiwa pia nisizidi nusu saa, hilo la pili siahidi.

Nianze na nondo. Mnazijua. Yale makaratasi ya kopi yanayouzwa stationery, au PDF inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, imeskaniwa imepinda, ukurasa wa tatu haupo. Ukifungua unakuta jina la kitabu, mwandishi, alafu dhamira zimepangwa: umasikini, nafasi ya mwanamke, mapenzi, mila potofu, ulevi, elimu, na kila dhamira ina sentensi mbili. Watu wanazimeza hizo sentensi kama dawa. Ukipita bweni saa nne usiku unamsikia mtu anatembea na msuli kiunoni anaimba "mwandishi ameonesha dhamira ya umasikini katika jamii, mwandishi ameonesha dhamira ya umasikini katika jamii", na ukimuuliza kaka, nani masikini humo ndani, anakuangalia kama umemtukana.

Sasa mimi sisemi nondo ni haramu. Kuna nondo nzuri zimeandikwa na walimu waliotulia, na kuna nyingine ni matango pori matupu, mhusika wa kitabu hiki amehamishiwa kitabu kile, na aliyekopi naye amekopi na makosa. Ubaya wake hata zile nzuri ni kwamba zinakupa hoja tu. Na hoja kila mtu anayo! Nchi nzima itaandika umasikini. Yule anayesahihisha ameshaona umasikini mpaka kichwa kinauma. Anachokitafuta ni kile kinachofuata baada ya hoja, yaani nani alifanya nini, wapi, ikatokea nini. Hoja bila tukio ni kesi bila shahidi, hakimu atakusikiliza vizuri tu alafu anakuachia uende zako.

Kwahiyo nilichokuja kusema leo ni kimoja. Acheni kusoma hoja, someni matukio. Ukilijua tukio vizuri hoja utaitoa mwenyewe hata swali lije limevaa kanzu.

Tuchukue Ngoswe. Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe, ya Edwin Semzaba. Mliosoma kitabu chenyewe nyosheni mkono... haya, sio uchambuzi, kitabu chenyewe... ahaa, mikono imeshuka. Sawa. Ni tamthilia nyembamba jamani, unaimaliza Jumamosi moja na muda wa kufua unabaki. Ngoswe ni karani wa sensa, msomi katumwa na serikali kijijini kuhesabu watu. Anafikia kwa mzee Mitomingi ambaye ni balozi wa nyumba kumi. Mzee ana binti anaitwa Mazoea. Ngoswe badala ya kuhesabu watu anahesabu nyota, anampenda Mazoea, wanapanga kutoroka. Mzee akigundua kwamba mgeni wake aliyemlaza na kumlisha amemzunguka kwa binti yake, hasira zinampanda anazichoma moto zile karatasi za sensa. Kazi ya serikali yote inageuka majivu.

Hapo ndipo nataka msimame. Zile karatasi zinaungua. Tukio moja tu hilo, tuliangalie kwa karibu.

Wakiuliza uwajibikaji, unalo: mtu amepewa kazi ya taifa akaifanya ya pembeni, mwisho imepotea. Wakiuliza nafasi ya msomi katika jamii unalo, maana huyu ndiye kijiji kilimtegemea alete maendeleo na yeye ndiye kaleta hasara. Wakiuliza madhara ya mapenzi unalo. Wakiuliza migogoro, hapo kuna Ngoswe na Mitomingi, kuna Mazoea na wazazi wake, na kuna mgogoro wa Ngoswe na nafsi yake kati ya kazi na moyo. Wakiuliza jina la kitabu linasadifu vipi yaliyomo, na hili swali wanalipenda kweli, basi hauhitaji hata kufikiri, penzi limekuwa kitovu cha uzembe na ushahidi unatoa moshi. Wakiuliza ujumbe, unalo. Mambo mangapi hayo kwenye moto mmoja? Na hakuna hata moja ulilolikariri, umeangalia tu kitu kimoja ukakizungusha.

Tena hapa niongeze kidogo maana najua kuna watu wanasema vitabu hivi vya zamani havituhusu. Tamthilia hii imechapwa 1988, na mwaka huohuo 1988 nchi ilifanya sensa. Nyie wengi mnaikumbuka sensa ya 2022, makarani walikuja na vishikwambi, wakakaa sebuleni kwenu wakauliza mama ana watoto wangapi na choo ni cha aina gani. Tulihesabiwa tukatoka zaidi ya milioni 61. Sasa fikiria karani aliyekuja kwenu angekuwa Ngoswe. Mtaa wenu mzima haumo kwenye mahesabu, shule na zahanati zinapangwa kwa idadi ambayo nyie hammo. Ukifikiria hivo, unapoandika "uzembe wa Ngoswe unarudisha nyuma maendeleo" unajua unaandika nini, na msomaji anaona kabisa huyu anajua anachoandika.

Haya. Nyingine ni Orodha, ya Steve Reynolds. Furaha, binti mdogo, ameugua UKIMWI amefariki, na ameacha barua isomwe kwenye mazishi yake, na ndani ya barua kuna orodha. Habari inavuja kwamba kuna orodha. Basi hapo ndipo utamu wa kile kitabu ulipo kwa maoni yangu, wanaume waliotembea na huyu binti wanaanza kuhangaika, kila mmoja anaona jina lake limeandikwa namba moja, wanaitafuta ile barua isisomwe, hata mtumishi wa Mungu naye kijasho kinamtoka. Barua inasomwa. Hakuna jina hata moja! Orodha ni ya vitu ambavyo vingeweza kuokoa maisha yake.

Mtu aliyesoma nondo ataandika "dhamira ya UKIMWI imeoneshwa kupitia Furaha aliyekufa kwa UKIMWI". Ni kweli, na ndiyo basi. Mtu aliyesoma lile tukio la barua anaweza kuandika unafiki wa watu wazima wanaoheshimika, anaweza kuandika taharuki, namna mwandishi anavyotubania tukidhani orodha ni ya majina mpaka dakika ya mwisho, na taharuki hiyo ni fani. Wadogo zangu nisikilizeni hapa kwenye fani na maudhui. Kila mwaka watu wanaulizwa fani wanajibu maudhui. Swali limesema onesha mwandishi alivyotumia mandhari, wahusika, matumizi ya lugha, na mtu anaandika umasikini, mila potofu, ukombozi. Kaandika vizuri, mwandiko mzuri, kapiga mistari na rula. Hajajibu swali. Kabla hujashika kalamu jiulize wanataka kilichosemwa au namna kilivyosemwa. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, lugha, hiyo ni namna. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, hicho ndicho kinachosemwa.

Jambo jingine, na hili nondo haziwezi kukufanyia kabisa. Swali la fasihi mara nyingi linataka vitabu viwili, hoja tatu kila kimoja. Watu wanasoma kitabu kimojakimoja wanakimaliza wanakifunga wanaenda kingine, alafu ndani ya chumba cha mtihani ndiyo kwa mara ya kwanza vinakutana. Vikutanishe mapema. Orodha na Kilio Chetu kwa mfano, vyote vinaongelea UKIMWI na vijana, kila mtu anajua. Lakini viangalie vimesimama wapi. Kilio Chetu watu wazima bado wanabishana, watoto waambiwe habari za kujamiiana au wasiambiwe, Mama Suzi hataki hata kusikia, Baba Anna anaona bora amwambie mwanae ukweli, na tunaona binti wa yule aliyekataa kuongea ndiye anayeharibikiwa. Ubishi uko pale, nafasi ya kuokoa watoto bado ipo. Orodha tunaanza kuelewa wakati mtoto yuko kaburini, na watu wazima walewale sasa wanaogopa barua. Mimi nikivisoma pamoja naona kitabu cha Orodha kama kinamjibu Mama Suzi. Hakuna aliyeniambia hivyo, ni maoni yangu mnaweza kuyakataa, lakini ukiwa na kitu kama hicho kichwani swali lolote la malezi, elimu ya jinsia, ukimya wa wazazi, mapengo ya vizazi, unaingia nalo kifua mbele.

Riwaya hivohivo. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Sekai kakaa miaka bila mtoto, anakuja kumpata, mtoto ana ualbino, na mila za pale, maana mazingira ni ya Washona kule Zimbabwe, zinasema mtoto wa hivyo haishi. Anambeba anatoroka naye. Mama N'tilie yeye yuko mjini kwetu huku, anapika chakula anauza, mume wake mzee Lomolomo pombe imemmaliza, ada haipatikani na watoto wanaishia jalalani. Swali la nafasi ya mwanamke watu wanaandika "mwanamke kama mlezi" kwa wote wawili, wanahamia hoja nyingine. Lakini angalia tofauti! Mmoja anapambana na mila, adui yake ana sura ya wazee wamekaa kikao. Mwingine anapambana na sufuria na mume na ada, adui yake hana kikao, anakuja kila asubuhi. Sekai anaweza kukimbia kijiji. Mama N'tilie akimbilie wapi? Ukiandika hiyo kwenye karatasi, hata kwa Kiswahili chako cha kawaida, umeshatoka kwenye lile kundi la "mwandishi ameonesha".

Kwenye ushairi nitapita haraka kwa sababu muda. Wasakatonge, Malenga Wapya, Chekacheka. Watu wanaandika "katika diwani ya Wasakatonge mshairi amezungumzia unyonyaji" wanaweka nukta. Shairi gani? Diwani ina mashairi mengi, taja shairi kwa jina lake, alafu sema linasema nini. Mjue machache kwa kila diwani kwa undani kuliko kujua majina yote. Na someni kwa sauti jamani, shairi halisomwi kama tangazo la maji yatakatika.

Fasihi simulizi mnaijua, tanzu na vipera, hapo kukariri kidogo ni ruksa. Endeleeni.

Sasa niwaambie kitu ambacho ni cha bure na karibu hakuna mwanafunzi anayekisoma. Baraza la Mitihani kila mwaka linatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, iko kwenye tovuti yao. Kiswahili ipo. Humo wanachukua swali moja moja, wanasema watahiniwa walifanyaje, na wamepaka rangi: nyekundu ni hafifu, asilimia 0 mpaka 29, njano ni wastani, 30 mpaka 64, kijani ni vizuri, 65 kwenda juu. Hiyo sio sehemu tamu. Sehemu tamu ni kwamba wanaweka na vielelezo, yaani jibu halisi la mtahiniwa aliyepata vizuri na jibu halisi la aliyevurunda, kwa mwandiko wao kabisa, bila majina. Unaona kwa macho yako mtu mmoja kaandika ukurasa na nusu wenye matukio, na mwenzake kaandika hoja sita zinazoelea. Unaona mtu kachanganya wahusika. Unaona mtu kaambiwa atumie vitabu vilivyoorodheshwa kwenye pepa yeye kaleta kitabu alichosoma form two. Watu wanalipa hela ya tusheni kutafuta siri ya mtihani na wenye mtihani wenyewe wameshaandika tunachowasahihishia ni hiki, wameiacha pale wazi, bure.

Tena la orodha ya vitabu. Msipoteze usiku mkikariri waandishi. Orodha imechapwa kwenye pepa, jina la kitabu na jina la mwandishi liko pale, unanakili tu. Ila nakili sawasawa! Kukosea jina lililo mbele yako ni dharau.

Nasikia mtu anauliza, na utangulizi je? Eeh. "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha kufikisha ujumbe kwa jamii husika." Naomba hii sentensi ipumzike mwaka huu, imefanya kazi sana. Haina kosa, lakini swali halijauliza fasihi ni nini. Anza na vitabu vyako viwili, nani kaandika, vinahusu nini kwa ufupi, na vinahusianaje na swali, basi, mistari minne inatosha. Usitumie ukurasa kwenye utangulizi alafu kwenye hoja ya sita unaandika kwa herufi za mchwa kwa sababu msimamizi amesema zimebaki dakika tano. Insha moja hapo ina alama 15 na pepa nzima ni masaa matatu, kuna sarufi, kuna ufahamu, kuna utungaji, fasihi isikulie muda wote kwa sababu unaipenda. Hilo nawaambia hasa wale wenzangu tunaopenda kuandika, tukipewa swali la Takadini tunataka kumaliza karatasi za shule.

Namna ya kujisomea sasa. Najua vitabu ni vichache, shule nyingi ni hivyo, nakala tano watu sitini. Fanyeni hivi. Kundi la watu sita hivi, kila mtu achukue kitabu kimoja akisome kweli, alafu siku ya kikao asilete dhamira. Alete matukio. Aje asimulie kama anasimulia muvi, nani kaingia, kasema nini, kafanyaje. Wengine kazi yao ni kumsumbua: hilo tukio linajibu swali gani? Na lingine? Na la fani je? Mkimaliza mnabadilishana vitabu, na hapo utakisoma ukiwa tayari unagombana nacho, kitaingia haraka. Wale wanaopenda kubukua peke yao usiku kucha, sawa, ila msimulie hata mtu wa kitanda cha juu, maana kitu ambacho huwezi kumsimulia mtu kwa mdomo siku ya mtihani hakitoki.

Na walimu wangu, kwa heshima zote, naomba na nyie niwarushie kidogo. Mazoezi tunayopewa mengi yanauliza "taja". Taja dhamira tano. Taja wahusika. Mtoto akizoea kutaja miaka minne, Novemba anapokutana na "jadili" na "thibitisha" mnategemea alitoe wapi? Mtupe maswali ya kubishana. Tuulizeni kama mzee Mitomingi alikuwa na haki ya kuchoma zile karatasi, muone darasa litakavyowaka. Mimi binafsi naona alikuwa na haki ya kukasirika ila karatasi hazikuwa za Ngoswe, zilikuwa za wanakijiji, kwahiyo kawachoma majirani zake. Naona pale nyuma kuna mtu anatikisa kichwa, anakataa. Safi, njoo tubishane baadaye.

Mwalimu wa zamu anaangalia saa kwahiyo naishia. Nimetoa kopi za hiyo taarifa ya Baraza, kurasa za fasihi tu, nimeziacha kwa dada mkuu, sio kwa kaka mkuu maana namjua zitalala kwenye tranka. Na nina nakala yangu ya Ngoswe hapa, ina maandishi yangu pembeni mengine hata siyaelewi tena, naiacha maktaba. Yule aliyetikisa kichwa aanze yeye kuiazima.

Asanteni.